Safiyo na Hatua Thelathini

Safiyo Dekow alijenga nyumba yake ya mabati mwaka 1966, wakati watu wengi hapa Garissa walikuwa wakiuza walichokuwa nacho na kuondoka. Nalijua hilo vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeipaua. Mimi ni seremala kutoka Kitui, jina langu Musyoka, lakini bula nzima, yaani mtaa wetu wote, iliniita Fundi, na yeye pia aliniita hivyo.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwuza maziwa. Alizaliwa upande wa Sangailu katika watu wa ng'ombe, akaolewa na mfugaji mwenzao aliyeitwa Abdille. Ukame uliwapunguzia ng'ombe, nao wakasogea karibu na mto. Mwisho wa mwaka 1961 mvua ikanyesha kama iliyotumwa, Tana ikafurika. Maji yalichukua mbuzi wao wote na shamba la mahindi walilokuwa wamejaribu kulima. Baada ya maji ikaja homa, na homa ikamchukua Abdille. Safiyo akabaki na binti mmoja, Nimo, na ng'ombe wanane.

Kisha vita vya serikali na waasi vikaanza. Njia za malisho zikawa hazipitiki bila kibali, na ng'ombe asiyekwenda malishoni hana muda mrefu. Safiyo hakungoja wakonde. Aliuza sita, akabaki na wawili wa maziwa, na bei ya wale sita akaigeuza kuwa mbao, saruji na mabati. Wenzake walimcheka.

"Mtoto wa Sangailu analala chini ya bati kama mahindi ya ghala!" walisema.

"Mahindi ya ghala hainyeshewi," aliwajibu.

Hivyo mtu akiitazama nyumba ile aelewe alichokuwa akikitazama. Vilikuwa vyumba viwili na baraza, lakini ndani ya kuta zile mlikuwa na ng'ombe sita na jasho la marehemu. Ikipotea, Safiyo hakuwa na mahali pengine pa kuanzia.

Nilikuwa nikimalizia baraza wiki ile wakala wa bima alipofika. Magari ya kutoka bara yalikuja kwa msafara siku hizo, askari mbele na askari nyuma, na huyu bwana aliteremka kutoka gari la tatu amevaa tai, vumbi limemfanya mweupe kama aliyeanguka kwenye unga. Jina lake lilikuwa Elkanah, mtu wa Machakos, mpole, mwenye mkoba wa ngozi aliokuwa akiukumbatia. Alifika Jumatatu, na msafara wa kumrudisha ulikuwa wa Alhamisi, saa nne asubuhi. Baada ya hapo hakuna aliyejua mwingine ungekuja lini.

Alikaa katika hoteli ya Korane, na Korane ndiye aliyekuwa akinunua maziwa ya Safiyo. Jumanne asubuhi nilikuwa pale nakunywa chai Safiyo alipoingia na vibuyu vyake, akamkuta Elkanah amepanga karatasi mezani, moja nyeupe na moja ya manjano.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Bima ya nyumba, mama. Unatulipa kidogo kila mwaka. Nyumba yako ikipatwa na jambo lililoandikwa hapa, kampuni inakujengea."

"Na isipopatwa?"

"Basi umelala vizuri mwaka mzima."

Korane alicheka mpaka kikombe kikagonga sahani. "Safiyo, umesikia? Unauziwa usingizi! Mimi nitakuuzia mto wa kulalia, bei rahisi zaidi."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni alisema kwamba ajali iko mikononi mwa Mungu, na mtu kuiandikia karatasi ni kukosa imani. Safiyo alimgeukia kwa heshima.

"Adeer, mzee wangu, ukichimba kisima, umekataa mvua ya Mungu?"

Mzee akarudi kwenye chai yake. Safiyo akavuta kiti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya katika hoteli ile, akakaa mbele ya Elkanah.

Elkanah akaanza kusifu. Kampuni yake ilikuwa na ofisi Nairobi, ofisi Mombasa, wateja wengi. Safiyo alimkatiza kwa kiganja.

"Ngoja, walaal, ndugu yangu. Sisi kwa soko ya mifugo, mtu akileta ngamia, hatuulizi kwanza maziwa. Tunauliza ila. Kama ngamia inauma, sema inauma. Kama imewahi kutupa mimba, sema. Usiposema, na mimi nikaona nyumbani, narudisha, na watu wote wanajua wewe ni mtu gani. Sasa, niambie ila ya karatasi yako. Hii nyeupe kwanza."

Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Elkanah hivyo. Alilegeza tai. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na mimi kisomo changu kiliishia darasa la sita, kwa hiyo sote tulimtegemea yeye. Lakini alikuwa mtu mwaminifu. Aliweka kidole kwenye maandishi madogo kabisa ya chini, akasoma na kutafsiri.

"Hii nyeupe ni ya moto tu. Maji hailipi. Mwizi hailipi."

"Na ya manjano?"

"Ya manjano ni moto, mafuriko na dhoruba. Lakini ada yake ni karibu mara mbili."

"Bado hujasema ila yake."

Elkanah akakohoa. "Zote mbili hazilipi vita. Wala uasi, wala fujo, wala risasi ya upande wowote."

Korane akapiga meza.

"Wallahi, huyu bwana ni shujaa! Amepita na askari mbele na nyuma, amekuja Garissa, mwaka huu, kuuza bima ambayo haijui vita! Si afadhali uuze makoti kwa joto hili?" Watu wakacheka. "Safiyo, kama lazima ununue, nunua nyeupe, upoteze kidogo."

Safiyo hakucheka. Alichukua vibuyu vyake vitupu, akamwambia Elkanah, "Umesema ukweli. Kesho alasiri uje uone nyumba," akaondoka.

Alasiri ya siku ile nilikuwa juu ya ngazi napigilia boriti ya baraza, naye amekaa chini anavifukiza vibuyu vyake kwa vipande vya mti vinavyowaka, kama wanavyofanya ili maziwa yasiharibike haraka. Hatukuwa na desturi ya kuzungumza sana. Mimi si msemaji, na yeye alikuwa na kazi. Lakini alianza mwenyewe.

"Fundi, tangu vita ianze, kwa bula hii yetu nyumba ngapi imeungua sababu ya bunduki?"

Nilifikiri. Usiku tulisikia milio, na kila mtu alilala akiwa na hofu hiyo. Lakini kuungua? "Sijaona hata moja, Mama Nimo."

"Na sababu ya jiko?"

Hapo sikuhitaji kufikiri. "Tatu."

"Na mto?"

"Sikuwa nimefika wakati ule."

"Mimi nilikuwa." Alitikisa kibuyu, akamwaga majivu. "Sikiliza. Vita ikichoma nyumba yangu, itachoma yangu na labda ya jirani. Wale wengine wa ukoo watachanga. Huyu mbuzi, huyu bati, huyu siku moja ya kazi. Tumefanya hivyo tangu babu. Lakini mto ikija, inachukua wote siku moja. Nani atamchangia nani? Wote tumelowa. Hapo ndiyo nataka mtu wa mbali, mtu wa Nairobi, ambaye maji yetu haijafika kwake."

Nilibaki na nyundo hewani. Nimesikia watu wenye elimu wakieleza bima tangu siku hiyo, na hakuna aliyeniingia kichwani kama yeye.

"Basi ni ya manjano," nikasema.

"Ya manjano. Korane acheke."

Jumatano alasiri Elkanah akaja na mkoba wake. Alizunguka kuta, akagonga mlango, akatazama paa langu, akasema kazi ni nzuri. Safiyo alikuwa amevaa shuka safi. Nimo alikuwa amekuja kutoka kwa mumewe kumsaidia mama yake, na chai ilikuwa tayari. Kisha Elkanah akafika nyuma ya nyumba na kusimama.

Pale, umeegemea ukuta wa nyumba mpya, ulikuwapo aqal wa Safiyo, nyumba ile ya duara ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Mama yake alimfumia mikeka ile alipoolewa, na mama huyo alikuwa ameshakufa. Safiyo aliusimamisha pale ukutani ili upate kinga ya upepo, naye alipikia humo na wakati mwingine kulala humo, maana alisema bati linaongea sana usiku.

"Mama, hii ni mikeka na fito kavu," Elkanah alisema. "Na unawasha moto humu ndani?"

"Nawasha. Nitapika wapi?"

Elkanah akafunga mkoba. "Kampuni haiwezi kukubali. Moto ukianza hapa, nyumba yote imekwenda. Hii lazima ibomolewe."

Nilimwona Safiyo akibadilika uso. Alimsogelea hatua moja, na Elkanah akarudi hatua moja.

"Ibomolewe? Hii ni ya mama yangu. Imebebwa na ngamia kutoka Sangailu mpaka Ijara, kutoka Ijara mpaka hapa. Mto haikuichukua. Leo wewe na tai yako utasema ibomolewe? Nenda. Nenda na karatasi zako!"

"Mama, mimi nafuata sheria ya kazi..."

"Nenda!"

Akaenda. Nimo akamfuata mama yake ndani ya aqal, na mimi nikabaki pale barazani nikiipanga misumari ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Nilikuwa na neno moja mdomoni tangu Elkanah aliposema lile la kubomoa, na sikulisema. Nimeishi maisha yangu hivyo, neno langu hunijia kwa wakati, lakini hutoka watu wakiwa wameshaondoka. Huyu bwana alikuwa mtu wa kwetu. Kwetu Ukambani nyumba ikiondolewa mahali pake imekufa. Unabomoa udongo, unachukua milango, basi. Hakujua. Na Safiyo naye hakujua kwamba yule hajui.

Nilitazama jua. Amri ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni, na zilibaki kama dakika arobaini. Niliacha nyundo juu ya ngazi, nikaenda hoteli ya Korane kwa haraka, kabla aibu haijanikuta njiani.

Elkanah alikuwa amekaa peke yake. "Bwana," nilimwambia, na sauti ikakwama, ikabidi nianze upya. "Bwana, ile nyumba ya mikeka. Shida yake ni kwamba ipo, au ni kwamba ipo pale?"

"Sijakuelewa, Fundi."

"Ikiwa mbali na ile ya bati, kampuni inakataa?"

"Ikiwa mbali hatua thelathini haina neno. Lakini nyumba itatokaje pale ilipo?"

"Husogezwa."

"Nyumba?"

"Kila mwaka, bwana. Mara mbili, mara tatu. Ni mzigo wa ngamia."

Elkanah alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama anafanyiwa mzaha. Korane, aliyekuwa akifuta meza, akasema, "Mtu wa milima, huyu Fundi anakwambia kweli. Wewe ndiye uliyemwambia mwanamke aibomoe nyumba ya mama yake. Mshukuru Mungu bado una meno."

Elkanah akashika kichwa. "Kesho saa mbili nitapita pale nikienda kwenye msafara. Nikipima nikapata hatua thelathini, naandika. Nisipopata, sina namna nyingine."

Nilimpelekea Safiyo habari nikisimama mlangoni, maana muda ulikuwa umekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alitaka kusogeza tu?"

"Alitaka kusogeza tu, Mama Nimo. Hakujua kama inawezekana."

Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa amelia. "Maskini. Anakaa Machakos nyumba zote zimepandwa kama miti."

Asubuhi, ilipofika tu saa ya watu kuruhusiwa kutoka, wanawake walikuwa wamekwisha kusimama. Safiyo, Nimo, jirani yao Zeinab na wengine wanne au watano. Mimi nilisimama kando. Kazi ile ni ya wanawake na nyumba ile ni ya mwanamke, na mwanamume akishika fito atachekwa mwaka mzima. Walifungua kamba za ngozi, mikeka ikashuka mmoja mmoja, fito zikang'olewa na kulazwa kwa mafungu. Waliimba polepole, na mikono ilikuwa ikienda na wimbo. Katika muda ambao mimi ningepima ubao mmoja, nyumba ilikuwa chini.

Ndipo doria ikapita. Askari wanne na koplo wao, mtu wa bara, macho mekundu kwa kukesha. Waliona nini? Waliona wanawake wa Kisomali asubuhi mapema, nyumba imekunjwa, mizigo vichwani. Mwaka ule maana yake ilikuwa moja tu: wanatoroka kwenda kwa waasi.

"Simama! Wekeni chini!" Koplo akaja mbele. "Mnahamia wapi? Kibali kiko wapi?"

Wimbo ukakatika. Zeinab akaanza kulia. Nilitazama jua: saa moja na nusu ilikuwa inakaribia. Wakichukuliwa kituoni kuhojiwa, Elkanah angekuta fito chini na Safiyo hayupo. Nikapiga hatua, nikafungua mdomo, lakini Safiyo alikuwa ameshaanza.

"Afande, tunahamia hatua thelathini."

"Nini?"

"Thelathini. Pale, kwa ua wa Zeinab. Bwana wa bima anataka nyumba hii ikae mbali na ile ya bati."

"Bwana wa nini? Mama, usinichezee."

"Sichezi. Usiniamini. Hesabu mwenyewe." Alinyanyua mkeka uliokunjwa, akauweka kichwani. "Tembea na mimi, na bunduki yako. Nikipita kwa ua ya Zeinab, nipeleke kituo."

Koplo aliwatazama wenzake. Nami hapo nikapata sauti, nikasema kwa Kiswahili chetu cha bara, "Afande, ni kweli. Mimi ndiye fundi wa nyumba hii."

Sijui ni lipi lililomgusa. Labda alikuwa amechoka tu. Alipachika bunduki begani, akaweka kisigino kwenye ukuta wa nyumba ya bati na kuanza kutembea kando ya Safiyo, akihesabu kwa sauti ya gwaride. "Moja. Mbili. Tatu." Wanawake walifuata nyuma na fito zao. Kufika kumi na tano, askari mmoja akaanza kutabasamu. Kufika ishirini, Zeinab alikuwa ameacha kulia na alikuwa akihesabu pamoja naye.

"Thelathini na mbili!" koplo akasema, pua yake iko kwenye ua.

"Hizo mbili ni zawadi ya kampuni," Safiyo akasema, akatua mkeka.

Koplo akacheka kwa mara ya kwanza. Hawakuondoka mara moja. Walisimama kutazama fito zikipindwa na kufungwa, mikeka ikipanda juu yake, mpaka nyumba ikawa nyumba tena na moshi wa chai ukaanza kutoka mlangoni.

Elkanah alifika saa mbili kamili, mkoba kifuani. Alisimama mahali pale pale aliposimama jana nyuma ya nyumba, akatazama ukuta mtupu. Kisha akatazama kule kwenye ua. Akaanza kutembea kupima, na koplo akamzuia.

"Usisumbuke. Thelathini na mbili. Nimepima mwenyewe."

"Umepima na nani, afande?"

"Na nyumba."

Elkanah alikaa kwenye baraza yangu ambayo bado ilikuwa na harufu ya mbao, akafungua karatasi ya manjano. Kabla ya kuandika aliweka kalamu chini.

"Mama, jana nilisema neno baya. Sikujua."

"Umesema ila ya karatasi yako yote," Safiyo alimjibu. "Ila yako moja ndogo nasamehe. Kunywa chai."

Aliandika jina lake, Safiyo Dekow, mwenye nyumba. Safiyo akatoa ada, akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibana mahali alipoonyeshwa, kwa nguvu, kama anayezima kaa la moto. Elkanah akampa nakala yake, akaaga, akakimbilia msafara na mkate mkononi.

Koplo na watu wake nao wakaenda. Mimi nikapanda ngazi. Zilikuwa zimebaki mbao tatu. Kutoka juu nilimwona Safiyo akiingia nyumba ya bati na ile karatasi, akatazama huku na huku ukutani, kisha akatoka nayo. Alivuka uwanja taratibu mpaka kwenye aqal. Aliikunja ndani ya kipande cha ngozi, akaifunga kwenye fito ya juu, mahali mama yake alipokuwa akificha sukari.

"Mama Nimo," nilimwita kutoka juu, na sikujua nimepata wapi uhodari ule, "karatasi ni ya nyumba hii, mbona unaiweka kwenye ile?"

Alitoa kichwa mlangoni.

"Fundi, nyumba ikiungua na karatasi iko ndani, nitaonyesha Nairobi majivu? Na maji ikija," akapiga fito kwa kiganja, "hii inajua kutembea."